Bibi Dawa Aomba Bunduki

Jina la Bibi Dawa hakujichagulia mwenyewe. Alipewa na mumewe jioni ile alipofundishwa mchezo, akaandikishwa kabla hajajua hata kitufe cha kurukia ni kipi. Mume alikuwa amekwisha kujiita Ukuta. Alimwambia atakuwa mganga, kazi rahisi, amfuate tu nyuma. Naye akamfuata. Walikuwa wamefunga ndoa karibuni, na mtu akikuambia nifuate siku hizo, huulizi tunakwenda wapi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita, wa kuchezwa kwa mtandao, kila mtu kwake, wenzake akiwasikia kwenye hedfoni. Kikosi kilikuwa cha watu wanne na kila mmoja alichagua kazi yake. Mbeba ngao hutangulia na kupokea risasi. Mtegaji huzika mabomu na kuziba milango. Mdunguaji hupanda juu, mbali, na bunduki ndefu yenye darubini. Mganga hubeba mtambo wa kutoa mwanga wa kijani, akimmulika mwenzake aliyejeruhiwa, afya yake inarudi. Akiumia yeye, mwanga ule haumgeukii. Mwokaji mikate, rafiki wa mume tangu ujana, ambaye ndiye aliyekuwa mtegaji wao, hakuchoka kumtania kwamba mganga hajigangi, na kwamba hata waliotengeneza mchezo wanalijua hilo.

Mdunguaji alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume, mtu mzima mwenye ndevu aliyekuwa bado akiishi kwa mama yake. Mchezoni alijiita Kipanga. Kupaa alijua, ila kurudi na windo ndiko kulikomshinda. Kila akikosa shabaha, kosa lilikuwa la mtandao, au la kiti, au la mganga aliyechelewa kufika kule mlimani.

Mchana mke alikuwa kazini kwenye duka la miwani, chumba cha nyuma, akisaga lenzi. Lenzi huja ikiwa duara. Kazi yake ilikuwa kuisaga ukingoni mpaka iketi ndani ya fremu, isilegee wala isibanwe. Ukizidisha kidogo tu, umeiharibu, na hakuna gundi ya kurudisha kilichosagwa. Kwa hiyo mkono wake ulikuwa umezoea kutulia. Mume, aliyesimamia ghala la matairi, alikuwa akichelewa kurudi, na katika ule muda wa kumsubiri mke aliingia peke yake kwenye uwanja wa mazoezi wa mchezo, akaazima bunduki ndefu, akalenga sahani zinazorushwa hewani. Hakumficha mtu. Hakuna aliyemuuliza tu.

Mambo yaligeuka siku ilipotangazwa kwamba katika msimu mpya wa mashindano vikosi vitakuwa vya watu watatu. Mmoja wao angebaki nje. Ukuta akaitisha kikao, wote wakavaa hedfoni zao, akasema kila mtu atoe maoni yake juu ya kila kazi, kwa haki, bila kuoneana haya.

Alianza yeye, akaongea kama mtu anayesoma hotuba ya harusi. Mbeba ngao ni nguzo ya nyumba, alisema, ukiing'oa, paa lote chini. Mwokaji akajibu kwamba nguzo ni sawa, lakini akitoka yeye milango itazibwa na nini, mikate iliyolala? Kipanga akasema kazi nyingine zinafundishika, ila udunguaji mtu huzaliwa nao. Kuhusu mganga hakukuwa na ubishi. Mganga haguswi, walisema wote watatu, bila mganga hakuna kikosi. Walisifu mwanga wa kijani kwa zamu, jinsi watu wanavyosifia bomba la maji.

Mwokaji ndiye aliyegundua kwamba kuna mtu hajasema. "Shemeji, mbona umetia maji mdomoni? Na wewe toa yako."

Meza zao mke na mume zilikuwa bega kwa bega, kwa hiyo Ukuta alimsikia mara mbili, sikioni na pembeni yake.

"Naona mganga ni kazi iliyotengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuicheza," alisema taratibu. "Muda wote huu niko vitani na adui sijamwona. Naona migongo. Wa mume wangu naujua, wa shemeji naujua, wa mwokaji naujua mpaka kifungo cha mkanda. Nikigeuka kutazama kitu, mtu anakufa. Nikisema nimeona kitu, naambiwa niponye kwanza. Tukishinda, mnahesabiana mliowaua. Tukishindwa, swali ni moja tu, mganga alikuwa wapi. Nimeichoka. Mimi nataka bunduki ndefu. Shemeji abebe dawa msimu huu, au akae nje."

Mwokaji akauliza kama mtandao umekatika. Kisha Kipanga akacheka. Alitaka kujua kama shemeji anafahamu risasi hutokea upande gani wa bunduki. Ukuta naye alicheka, si sana, cheko la mtu asiyependa kuonekana amenuna, lakini mkewe alilipima kama anavyopima ukingo wa lenzi.

Mwokaji akasema maneno hayaui mtu, waende uwanja wa mazoezi. Wakaenda. Kipanga alirusha risasi nyingi na sahani nyingi zikafika chini salama. Mke alipopewa zamu, kila sahani ilipasuka kabla haijaanza kushuka. Mwokaji akapiga mluzi. Kipanga akasema kiti chake ni kibovu. Ukuta alisema sahani hazijibu risasi, na hilo lilikuwa kweli, lakini aliongeza kwamba yeye kama kiongozi atalitafakari jambo hili. Mkewe akalibeba neno lile kwa siku kadhaa kama mtu aliyebeba yai. Kule kazini alipewa fremu ngumu za chuma akazishughulikia akiimba puani, mpaka mwenye duka akamuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Halafu mama mkwe akapiga simu.

Mama hakuujua mchezo, zaidi ya kwamba unawafanya watu wazima wapige kelele kwenye chumba kisicho na mtu. Alichojua ni kwamba kitinda mimba wake amenyimwa kitu na kaka yake, na kwamba tangu jana anaacha chakula. Mke alikuwa akikunja nguo. Alimsikia mumewe akisema ndiyo mama, hapana mama, nimeelewa mama, yeye ni damu yangu mama. Kila "mama" ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Alipomaliza, Ukuta alikuja kuketi kitandani kando ya nguo. Hakumgombeza. Alitafuta maneno mazuri, na hayo ndiyo yaliyouma. Alisema amewaza sana juu ya maoni yake na ameona ana haki, kweli amechoka, mtu aliyechoka hutakiwa apumzike. Uganga hauna ufundi mkubwa, mwokaji ataushika. Kipanga atabaki na bunduki yake. Na kwa kuwa yeye sasa anapumzika, kompyuta yake, ambayo haitakuwa na kazi, ingemfaa Kipanga, maana ya Kipanga inagandaganda, ndiyo sababu hata shabaha zinapotea.

Kompyuta ile aliinunua mwenyewe, kwa mshahara wa lenzi. Lakini alisema sawa. Baadaye alijiuliza mdomo uliosema vile ulikuwa wa nani.

Msimu ulipoanza, alikaa kwenye kochi akishona kifungo, na mume mezani peke yake, pembeni mwa meza iliyobaki na alama ya vumbi mahali kompyuta ilipokuwa. Kikosi cha watu watatu kilipigwa kama ngoma. Mwokaji alikuwa na moyo mwema lakini miguu yake ilikuwa bado ya mtegaji. Akiona mlango tu, anauendea, na nyuma Ukuta anateketea akiita. Walipigwa jioni ya kwanza, wakapigwa ya pili. Ya tatu, Ukuta alivua hedfoni upande mmoja, akageuka na kumwomba mkewe aje asimame nyuma ya kiti, amwelekeze mwokaji.

Alikuja na sindano yake mkononi. Alitazama kidogo.

"Mwambie asimame kushoto kwako," alisema. "Ukiogopa, huwa unageukia huko."

Mwokaji, aliyekuwa amesikia kupitia kipaza sauti cha Ukuta, hakutania. Alihamia kushoto. Raundi ile walishinda, ya kwanza tangu msimu kuanza, na Kipanga akasema ni ile risasi yake.

Kesho yake mume alirudi mapema kutoka ghalani, mikono bado ikinuka mpira. Alisema mwokaji mwenyewe amesalimu amri, anamrudishia dawa kwa mikono miwili, wote wanamhitaji. Mke akauliza wanamhitaji na nini. Mume akasema na mtambo wake, na nini tena?

"Nitarudi na bunduki."

Akakuna kichwa. Alimkumbusha juu ya mama, kwamba mama ataongea, na kwamba mama akishaanza kuongea ukoo mzima husikia. Kisha akasema neno ambalo labda alidhani litampoza: "Mke wangu, huu ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo tu, mbona mama alipiga simu?"

Mke hakumngoja atafute jibu. Haikuwa tabia yake kumhukumu mtu haraka. Aliwaza kwamba mume huyu hakuwahi kumnyima chakula, wala kumpandishia sauti mbele ya watu, na akipata homa humletea maji. Yote hayo aliyaweka upande mmoja wa mizani, hakupunguza hata moja. Upande wa pili aliweka kitu kimoja tu, kwamba alisema anachotaka, kwa sauti, mbele ya watu watatu, na maneno yake yakatumika kumfungia mlango. Mizani ilimshangaza mwenyewe.

Jumamosi, jua likiwa juu, alikwenda kwa mama mkwe. Alimsalimu kwa adabu, akauliza hali ya miguu, akaambiwa miguu haijambo ila moyo. Kipanga alikuwa bado amelala. Kompyuta ilikuwa chumba cha mbele, juu yake imewekwa sahani yenye makombo. Aliondoa sahani, akafuta makombo kwa kiganja, akaanza kuchomoa nyaya moja moja na kuzikunja.

"Unampokonya mtoto?" mama mkwe aliuliza.

"Mtoto ana ndevu, mama. Na hii ni yangu."

"Nyumba haijengwi na mimi na changu, mkwe wangu."

"Najua, mama. Ndiyo maana niliitoa mara ya kwanza."

Mama mkwe alisimama mlangoni, si kumzuia, si kumpisha. Mke alipita ubavu, kompyuta kifuani kama mtoto mchanga, kioo chake kikiwa kimefungwa kitenge begani. Barabarani watu walimpisha. Mmoja alimuuliza kama anahama.

Hakuirudisha kwenye meza ya zamani. Aliiweka chumba cha kupigia pasi, juu ya ubao imara, akavuta kigoda. Ukuta alimwona akipita na nyaya, akavuta miguu ampishe. Jioni ilipofika kila mmoja alikuwa upande wake wa ukuta.

Alijiandikisha upya, mchezo ukamtaka jina. Hakupata la kumridhisha, akaacha upewe lolote, akapewa herufi na tarakimu zisizosomeka. Alichagua bunduki ndefu. Alitiwa katika kikosi cha wawili asiowajua, mbeba ngao na mganga, waliosalimiana kwa kukoroma. Akapanda mlima.

Kwa mara ya kwanza aliuona uwanja wote. Aliona mito ya lami, madirisha, jinsi adui wanavyochungulia kwanza kwa bega. Alitulia kama mbele ya jiwe la kusagia. Wa kwanza alianguka, na wa pili. Hakuna aliyempongeza. Risasi ilipompata yeye begani alimwita mganga, kwa upole, kama alivyotamani kuitwa yeye miaka yote, na mganga akamjibu kwamba hapandi mlima kwa ajili ya mtu mmoja, ashuke mwenyewe. Alijua jibu lile ni sahihi. Yeye angepanda, na kupanda huko kungekuwa kosa. Alikaa na jeraha lake.

Raundi ya pili yule mganga alikasirishwa na matusi ya mbeba ngao, akatoka mchezoni. Wakabaki wawili. Mbeba ngao akasema kwenye hedfoni kwamba hawana dawa, na huyo mwenye bunduki, kama anajua uganga, abadilishe, bado wanaweza kushinda. Alisubiri. Akarudia, safari hii akaongeza tafadhali.

Mlango ukafunguka. Ukuta alisimama pale, hedfoni shingoni, akitazama kioo. Raundi yao ilikuwa imekwisha vibaya. Alikuwa amesikika hadi huku akimwita mwokaji.

"Hao hawana mganga," alisema.

"Najua."

"Unaweza kuwaokoa."

"Naweza."

Alingoja kama mtu anayengoja chenji dukani. Mkewe hakutoa jicho kwenye darubini. Chini kule mbeba ngao alikuwa amepiga goti, ngao imepasuka, na adui watatu wakimzunguka. Alimpiga mmoja. Alimpiga wa pili. Wa tatu akammaliza mbeba ngao, ambaye alimtukana mke na si adui aliyemuua, kisha akatoka.

Ukuta akarudi mezani kwake. Kiti kilivutwa. Kioo kikaandika kwamba wameshindwa, kikauliza kama anataka kucheza tena na kwa kazi gani. Mganga alikuwa wa kwanza kwenye orodha, amewekewa alama ya nyota, maana vikosi vyote vilikuwa vikimtafuta. Alimpita, akachagua bunduki, akasubiri atiwe kwa watu wengine.