Karoti za Miguu Miwili

Kwenye kiwanda cha kufungasha mboga walimwita Rula, na alikuwa ameshazoea hata ukimwita kwa jina lake la nyumbani alichelewa kugeuka. Wanawake wenzake wa meza ya kuchambulia ndio waliompa jina hilo, kwa sababu ya kipimo cha plastiki alichokining'iniza shingoni, na zaidi kwa sababu jicho lake halikukihitaji. Karoti ikija juu ya mkanda, yeye alikwisha kuijua: hii ya kreti, ile ya shimoni. Iliyonyooka, yenye rangi moja toka kichwani hadi mkiani, hiyo ilikuwa na bahati yake. Iliyopinda ilitupwa. Iliyopasuka ilitupwa. Iliyogawanyika ikaota miguu miwili waliiita suruali, na iliyotuna katikati waliiita mja mzito, na walicheka huku mikono yao ikikimbia, maana mkanda haumsubiri mtu amalize kicheko chake.

Rula naye alicheka. Kazi ilikuwa safi, chini ya paa, na ndiyo iliyomtoa kwa mjomba wake akaenda kupanga chumba chake mwenyewe.

Huyo mjomba ndiye aliyemlea. Mama yake alipofariki, mjomba alikuja na baiskeli, akampakia yeye mbele na godoro lake nyuma, na tangu siku ile hakumwita mpwa, alimwita mwanangu. Mkazamjomba alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mpana. Wakati wa kula alimpakulia Rula kwanza, ndipo akawapakulia wa tumbo lake. Shamba lao la mahindi na maharagwe lilimsomesha mpaka akapata cheti. Deni la namna hiyo halilipiki, lakini mtu hulitafutia njia ya kulipunguza, na Rula alidhani ameipata njia.

Alimwendea mjomba akamshawishi aache mahindi alime karoti za kampuni. Mjomba alimcheka, akasema karoti ni chakula cha sungura. Rula hakukata tamaa. Alimweleza kwamba mahindi kila mtu analima, bei yake inapanda na kushuka kama homa, lakini kampuni ina mkataba. Mkazamjomba aliuliza swali moja tu: hizo zitakazokataliwa zitaliwa na nani? Rula akamjibu kwamba mkulima mzuri hakataliwi nyingi. Mwishowe mjomba alisema mwenye macho akishasema njia ipo, kipofu abishe nini, akatia dole gumba.

Mkataba ulikuwa hivi: mbegu ya kampuni, dawa ya kampuni, na mavuno yote ya kampuni. Zilizofaa mkulima alilipwa. Zilizokataliwa hakulipwa, na wala hakuruhusiwa kuzirudisha nyumbani au kuzipeleka sokoni, kwa sababu kampuni haikutaka karoti zake zionekane mahali zikiuzwa rahisi. Zilikwenda kwenye shimo nyuma ya kiwanda. Hapo zamani majirani walikuwa wakija na vikapu kuzichagua, mpaka ikatolewa amri zimwagiwe oili chafu ya magari. Oili ikishashika mboga hata mbuzi haigusi.

Mwaka ule mvua ilipiga karoti zikiwa bado changa. Ilipoanuka, jua likawaka, na udongo ukashikana kama tofali. Mzizi wa karoti ukikutana na ugumu haupigani nao. Hugawanyika ukapita kushoto na kulia. Mjomba hakuyajua hayo. Alichimbua moja kujaribu, akaiosha, akaila palepale shambani, na jioni akampigia simu mpwawe kumwambia ni tamu, tamu ajabu, na kwamba sungura wana akili kuliko alivyowadhania.

Siku lori lilipokuja, mjomba alikuja nalo. Alikuwa amevaa shati lake la kuendea harusini. Akaketi kwenye benchi karibu na lango, mikono juu ya magoti, akamtazama mpwawe kwa mbali kama mzazi anayetazama mtoto wake akisoma mbele za watu.

Mkanda ukaanza kutembea. Rula alijua mapema, kabla hata gunia la kwanza halijamalizika kumwagwa. Nusu zilikuwa nzuri. Nusu zilikuwa suruali. Wanawake wa mezani walijua mzigo ni wa nani, na siku hiyo hapana aliyelitaja neno suruali. Kimya kile kilimuumiza Rula kuliko kicheko.

Akaanza kwa kuachia zilizopinda kidogo. Hizo hata jicho kali linaweza kuzisamehe. Kisha akaona yenye kijiguu kimoja kidogo, kama kidole, akakivunja kwa gumba na kuilaza kwenye kreti kidonda kikitazama chini. Baadaye akavunja chenye unene zaidi. Jirani yake wa mkono wa kulia alimwona, akainamisha macho. Wakala wa mnunuzi, yule anayekagua mara ya pili kwenye chumba cha baridi, kwa kawaida alikuja mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki ulikuwa mbali. Rula alipoinua kichwa, mjomba alimpungia mkono.

Wakala alikuja mchana uleule. Alikuwa dada mpole, mwenye glovu nyeupe na sauti ya kuomba radhi. Alivuta kreti moja ya katikati, akazigeuza karoti moja moja, akaviona vidonda. Akavuta nyingine. Hakugomba. Alimwambia msimamizi kwamba anasikitika, ila msimamizi anaijua kanuni: kasoro zikifichwa ndani ya kreti, mzigo wote wa mkulima huyo unakataliwa, nzuri na mbaya.

Msimamizi alimwita Rula pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Na yeye alikuwa na ndugu wanaolima. Alisema anajua yule mzee ni nani kwake, na kwamba hatamshtaki kwa mtu yeyote. "Lakini mzigo unakwenda shimoni," alisema. "Wote."

Mjomba hakuelewa mara moja. Aliona kreti zilizokwisha kupangwa vizuri zikipakiwa kwenye mkokoteni, akadhani zinapelekwa kwenye gari la mnunuzi, akazifuata nyuma akitabasamu. Zilipoanza kumwagwa ndipo alipouliza. Msimamizi akamweleza kwa heshima, akimwita baba. Mjomba akaomba azirudishe nyumbani, si kuuza, kula tu yeye na majirani. Ikashindikana. Akaomba hata gunia moja. Ikashindikana. Akaomba za kulisha mbuzi. Msimamizi akamwonyesha alama ya dole gumba lake kwenye mkataba.

Hapo mjomba aliinama ukingoni, akaokota karoti ya miguu miwili, akaifuta kwa shati la harusini. Akaivunja panapogawanyika. Mguu mmoja akautafuna mwenyewe, wa pili akampa msimamizi. Msimamizi aliupokea, akaula wote mpaka mwisho, akakiri kwamba ni tamu kweli. Kisha akamkonyeza mwenye debe la oili amwage.

Rula alikuwa amesimama nyuma yao. Angeweza kunyamaza, na mjomba angebaki akiilaumu mvua, maana mvua haina ndugu wa kukasirika. Hakuweza. Alimwambia yote: kuvunja, kuficha, vidonda.

Mjomba aliendelea kutafuna mpaka akameza.

"Zile nzuri zilikuwa zimeshapita?"

"Zilikuwa zimeshapita."

"Basi ungenikatalia tu, mwanangu. Ungenikatalia kwa haki yake, nusu ningeipata."

Aliondoka kwa miguu, ingawa dereva wa lori alimwambia apande.

Rula alikwenda nyumbani kwao siku ya mapumziko. Mjomba hakuwepo, au alikuwa ndani akanyamaza. Mkazamjomba alimpokea mlangoni, na mara ya kwanza tangu utotoni hakumkaribisha ndani. Walisema hisani haiozi, lakini huyu mama aliyekuwa ametoa hisani maisha yake yote sasa alionekana kama mtu aliyeinusa ikioza. Hakumtukana. Alizungumza polepole, akimtazama kifuani, pale kipimo kinapokaa.

"Usije kwanza," alisema. "Si kwamba nimekukasirikia. Nikikuona mara kwa mara, nitasema."

Kampuni ikamfuta mjomba katika wakulima wake. Mahindi yalikuwa yamepitwa na msimu, na mbegu ya kuanzia haikuwepo, kwa hiyo shamba likakodishwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo alipanda karoti za kampuni ileile. Mvua ikamnyeshea kwa adabu, karoti zikanyooka.

Baada ya muda mjomba alimtumia Rula ujumbe, mfupi, akiuliza kama kiwandani hakuna kibarua chochote kwa mzee. Rula alimwendea msimamizi. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa moja, ya shimoni, kwa sababu hapana aliyedumu pale. Majirani walimlaani kila aliyeshika lile debe, na laana za majirani huwezi kuzizibia masikio. Rula alidhani mjomba atakataa. Alikubali siku ileile, akapewa buti na ovaroli.

Na aliifanya kazi vizuri kuliko wote waliomtangulia. Hakukosa, hakuchelewa, wala hakuacha kona kavu. Wanawake wa mtaani walipoona ni mzee, tena mkulima mwenzao, walirudi na vikapu vyao wakasimama kwenye uzio. Mmoja wao miaka yote alikuwa akipata maharagwe kutoka shamba la mjomba bila kulipa. Alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akamkumbusha ujirani. Mjomba hakugeuka. Aliinua debe.

Rula alikuwa ametoka kupumzika, akayaona hayo. Tangu mjomba aanze kazi walikuwa wakisalimiana tu asubuhi, salamu za kupita, kama watu wanaokutana kisimani. Siku hiyo alimkaribia. Shimoni mlikuwa na nyanya za mkulima mwingine, zote zimeiva vizuri, kosa lake ni kutolingana ukubwa.

"Mjomba," alisema, "si ungewaachia hata kikapu kimoja kabla ya kumwaga?"

Mzee alimtazama. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na Rula angeshukuru ingekuwepo.

"Wewe uliniachia," alisema. "Si uliona?"

Akainamisha debe, na oili ikatiririka nyeusi juu ya nyanya, ikajaza mianya taratibu, huku wale wanawake nje ya uzio wakianza kupiga kelele za laana, za kwake na za ukoo wake. Tone moja liliruka likaangukia karibu na kiatu cha Rula.

"Sogea huko, mwanangu," mjomba alisema. "Utachafuka."