Popote

Samira alikuwa ameshafunga kamera mbili, na ya tatu ilikuwa bado ndani ya begi, Isidori alipoingia kanisani.

"Shikamoo, baba," Samira alisema akishuka kwenye ngazi.

"Marahaba."

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa Hatibu mwenye duka la vitambaa Katesh. Juu ya ushungi alikuwa amevaa kofia ya sufu, maana Jumamosi hiyo kijiji cha Nambis kiliamka na baridi kali. Viatu alikuwa ameviacha mlangoni. Hakuna aliyemwambia avue. Wenye kanisa lao huingia na matope yao yote. Isidori aliviangalia vile viatu, vimepangwa sambamba, na vikamuuma. Kama binti angekuwa na kiburi, kazi ya kumchukia ingekuwa nyepesi.

Herman, mwenyekiti wa kigango, alikuwa amesimama katikati ya mabenchi akiwa na uso wa mtu anayepatanisha majirani.

"Ndugu yangu, hatukufukuzi. Kesho anarusha yeye, Jumapili ijayo unarusha wewe. Baada ya hapo kamati inachagua nani atarusha misa mwaka mzima, pamoja na Jubilei ya kigango."

"Nimesikia, mwenyekiti."

"Usinune basi."

"Sijanuna. Uso wangu ndio huu."

Herman akacheka. Isidori hakucheka.

Alikuwa fundi simu, hakusomea popote. Miaka mitatu iliyopita, dada mkubwa wa mama yake, Bernadina, alianguka kwenye mteremko wa kisima akavunjika nyonga. Isidori akaanza kumrushia misa kwa simu yake mwenyewe, juu ya stendi aliyoiunga kwa bomba la baiskeli. Wazee walimtania: "Unairusha misa, inaangukia wapi?" Naye alijibu, "Inaangukia kitandani kwa mama mkubwa." Baadaye wakaongezeka wanafunzi walioko Arusha, wajukuu wa Dodoma, hata muuguzi mmoja wa Endagikot aliyeko Ujerumani. Mtu akifiwa au akioa alimtafuta Isidori kwanza. Barabarani watu wasiomfahamu walimwita "misa". Alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

Sasa alisimama akihesabu. Kamera tatu. Maiki nne. Nyaya zimefungwa kwa kamba za rangi, nyekundu ya sauti, bluu ya picha. Yeye angefika kwenye wazo la kamba za rangi lini? Wivu wake ulikuwa mtulivu hivyo. Ulihesabu, ukarudia kuhesabu.

Samira alitoa daftari dogo. Alikuwa ameandika maswali kwa mwandiko wa shule. Alikuwa ameshauliza mahali asipopaswa kupita wakati wa mageuzo ya mkate na divai, na wakati gani watu hupiga magoti, ili asiwe amesimama peke yake.

"Baba, mwenyekiti anasema wewe ndiye unayelijua kanisa hili. Mtandao unakamata wapi vizuri?"

Isidori aliangalia dirisha la tatu, upande wa kwaya. Kanisa likiwa tupu, mtandao ulikuwa kila mahali. Watu wakishajaa, kila mmoja na simu yake mfukoni, ulibaki kwenye dirisha lile moja tu. Ilimchukua miezi minne kuligundua, Jumapili baada ya Jumapili.

"Popote," akasema.

Samira akaandika. "Ahsante sana, baba."

Kesho yake Isidori hakwenda kanisani. Alijiambia anakwenda kukaa na mama mkubwa, maana siku hiyo ilikuwa inatimia mwaka tangu mume wake, mzee Sulle, afariki, na jina lake lingetajwa katika misa. Lucia, mkwe wa mama mkubwa, alikuwa tayari ameshapanda kanisani. Bernadina alikuwa ameegemezwa mito, amevaa gauni la bluu la sikukuu, miguu imefunikwa blanketi.

"Leo ni wewe umekaa na mimi? Nani anarusha?"

"Binti wa Katesh."

"Haya, washa tuone."

Picha ilikuja, na Isidori akahisi kama mtu aliyeonyeshwa mke wake akicheka na mwingine. Lilikuwa kanisa lake, lakini hajawahi kuliona hivyo. Kila mshumaa ulikuwa na moto wake. Kamera ilipita polepole juu ya akina mama, ikatulia, ikarudi altareni bila kutikisika.

"Yule si Marieta?" Bernadina alisogeza uso kwenye kioo. "Kumbe amezeeka! Simu yako ilikuwa inamfichia."

"Simu yangu ni ya zamani, mama mkubwa."

"Nimeona."

Isidori alitazama mlango, akatazama tena simu. Alijua kitakachotokea, ila hakujua saa.

Kilitokea padre alipofika kwenye sala ya marehemu. "Umkumbuke, Bwana, mtumishi wako…" Mikono ikabaki hewani, mdomo wazi. Sauti ikafa. Katikati ya kioo kiduara kidogo kikaanza kuzunguka, kidogo mno kwa macho ya bibi kizee.

Isidori alinyoosha mkono kuchukua simu.

"Acha," alisema Bernadina. "Wamenyamaza kumwombea."

"Mama mkubwa, hii…"

"Nyamaza na wewe! Huna adabu?"

Akafumba macho, akaunganisha viganja. Midomo yake ilicheza taratibu, kwa Kiiraqw, akilitaja jina la mume wake kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili. Dakika ya kwanza ikapita. Ya tatu. Kuku aliingia, akasimama, akatoka. Isidori alikaa mbele ya lile neno lake moja, akashindwa hata kukohoa. Bernadina alipofuta machozi kwa ncha ya kanga na kuendelea kuomba, Isidori aliinuka kwa vidole vya miguu, akatoka, akapandisha kilima akikimbia.

Alifika watu wakiwa kwenye foleni ya komunyo. Samira alikuwa amechuchumaa nyuma ya nguzo, jasho limemtoka katika baridi ile, akibonyeza kompyuta.

"Dirisha la tatu," Isidori alinong'ona huku akihema. "Upande wa kwaya. Watu wakijaa, ni hapo tu."

Samira aliinua macho.

"Jana ulisema popote."

"Nilisema."

Hakuongeza kitu. Alichukua modemu ya mtandao, akapita kando ya ukuta ameinama, kama anavyopita mtu mbele ya watu wanaosali, akaiweka dirishani. Matangazo ya mwisho ndiyo yaliyorushwa.

Nje, Herman alikuja haraka. "Binti, ilikatika kwa nini?"

"Mtandao, mwenyekiti. Sikuupima kanisa likiwa limejaa. Kosa langu."

Hakumwangalia Isidori. Herman akampiga Isidori begani. "Umeona? Na wenye mitambo wanakatikiwa!" Wiki nzima Isidori alikuwa amelisubiri neno hilo. Alilipokea, akashuka nalo kilima, halikuwa na ladha yoyote.

Bernadina alikuwa bado ameketi, uso umepumzika.

"Ulikimbilia wapi? Umekosa."

"Nilikuwa kanisani, mama mkubwa."

"Basi ulisikia. Kanisa zima kimya kwa ajili ya Sulle. Hakuna hata aliyekohoa." Akamshika mkono. "Mwanangu, umenirushia miaka mitatu, Mungu akubariki. Lakini kimya kama kile hujawahi kunipa. Mwambie Herman nimesema apewe yule binti."

Kile kilichokuwa moyoni mwa Isidori kilikuwa na sehemu mbili, na hakujua aanze na ipi, maana hata kimya kile, ambacho yeye ndiye aliyekitengeneza, alikuwa amekionea wivu.

"Bado wanaonyesha," Bernadina alisema.

Kweli. Samira alikuwa hajazima. Kanisa lilikuwa tupu, na chini ya kioo iliandikwa kwamba mtazamaji ni mmoja. Yeye mwenyewe aliingia kwenye picha, soksi miguuni, daftari mkononi. Alisimama kwenye benchi la kwanza, akainua simu juu, akatazama vijistari vya mtandao, akaandika. Akapiga hatua mbili, akainua tena. Benchi la pili. La tatu.

"Anatafuta nini yule?" Bernadina aliuliza.