Kitabu Kilichofungia Karanga

Sadalla fundi redio alikuwa akitunza kompyuta tisa, na hakuna hata moja iliyofanana na kompyuta. Kila moja ilikuwa bodi tupu ya kijani, ukubwa wa sinia dogo la kahawa, imejaa chipu zilizolala kama mende waliopigwa dawa. Pembeni vibonyezo, juu tarakimu sita nyekundu. Hazikuwa na kioo, wala kasha, wala aibu. Wateja walioleta redio dukani kwake, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, waliziona zimepangwa rafuni wakauliza kama ni mashine za bahati nasibu. Sadalla hakuwa mtu wa ubishi. Aliwajibu kwamba zinakaribiana.

Mwenyewe hasa alikuwa Mzee Kishor wa Upanga, aliyekuwa fundi umeme wa kiwanda kimoja cha nguo. Miaka ile kompyuta zilipokuwa haziruhusiwi kuingia nchini, mzee aliingiza ya kwanza ndani ya bati la biskuti, na nyingine zikafuata kwa njia ambazo hakupenda kuzieleza mbele ya wajukuu. Sasa ilikuwa enzi ya ruksa. Kompyuta mpya zilishuka kutoka Dubai na vioo vyake, na zile za zamani zikawa takataka. Sadalla alizichukua, akazisafisha moja moja kwa mswaki wa meno, akafungua daftari na kuandika kila bodi ilitoka wapi, inakula volti ngapi, na ilikufa kwa sababu gani. Umeme wa kuzitengeneza alijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu kidogo kidogo.

Tatizo lilikuwa Harsh, mtoto wa mzee, aliyeuza kompyuta mpya na kuona kinyaa kwa za zamani. Alikuwa amegundua kwamba meno ya bodi zile yamepakwa dhahabu, na kwamba kuna bwana mmoja mtaa wa Gerezani anayezitia kwenye tindikali ili aitoe. Alimwambia Sadalla waziwazi: Jumamosi saa nne atamleta mzee dukani. Bodi ile ya kwanza ikifanya kazi, zote tisa zitabaki hapo zitunzwe. Isipofanya, zote zinaenda Gerezani, maana yeye hakuona faida ya kulipa heshima kwa maiti. Mzee alikubali. Alikwishachoka kubishana na watoto aliowasomesha.

Kuiwasha si kazi. Kazi ni kwamba bodi ile haikumbuki kitu. Ukizima umeme inasahau yote, na ukiwasha lazima uibonyezee tena maelekezo yake, herufi na namba mbili mbili, mamia, kutoka kwenye kitabu. Kitabu kilikuwa kimoja tu, kurasa arobaini, zimepigwa taipu na mzee mwenyewe.

Hapo ndipo Sadalla alipojizidi akili. Pini za kitabu zilikuwa zimeshika kutu, akazitoa. Kisha akafikiri juu ya wezi. Mwizi wa Kariakoo akiona faili zuri anajua ndani kuna hati ya nyumba, lakini hakuna mwizi duniani anayebeba magazeti ya mwaka juzi. Basi akachukua magazeti arobaini, akaweka ukurasa mmoja ndani ya kila gazeti, akafunga mzigo kwa kamba na kuusukuma chini ya kitanda, nyumbani Buguruni. Hakumwambia mtu, hata mkewe, maana siri ya wawili si siri.

Alhamisi mkewe, Najma, alifanya usafi wa Idi ya Kuchinja. Magazeti yote akampa Blandina, muuza karanga wa Mchikichini.

Sadalla alipojua hakupiga kelele. Aliketi, akaomba maji, akaeleza taratibu kilichokuwa ndani. Najma alitaka kujua ni hati gani ya maana ambayo mtu mzima anaificha kwenye kurasa za mpira. Akalifikiria jibu alilopewa, akachukua kikapu ukutani na kumkabidhi.

"Akili nyingi huondoa maarifa, Baba Siti," alisema. "Nenda, na usirudi na karanga mbichi."

Ijumaa asubuhi alimkuta Blandina ameketi nyuma ya mlima wa vijifuko vya karatasi vilivyosokotwa, kila kimoja na karanga zake. Blandina aliyasifu makaratasi yale: mazito, hayapitishi mafuta, na wateja wanadhani karanga zimetoka benki. Kuvisokotoa hakukubali. Karanga iliyomwagwa ni karanga iliyouzwa. Kwa hiyo Sadalla alinunua kijifuko baada ya kijifuko, akamimina karanga kapuni, akanyoosha karatasi kwenye goti na kuipanga kwa namba. Adhana ya Ijumaa ilimkuta na kurasa thelathini na tisa na kikapu kilichojaa pomoni.

Uliokosekana ni wa kumi na tisa, katikati kabisa ya maelekezo. Blandina akakumbuka kwamba Safari, muuza viatu vya mitumba wa safu ya pili, alimwomba karatasi ngumu za kujazia viatu ili visikunjamane.

Safari alikuwa na jozi sitini juu ya turubai, na zote zimeshiba karatasi. Baada ya swala Sadalla alianza kona ya kushoto, kiatu kwa kiatu: kutoa, kunyoosha, kuangalia, kurudisha. Watu wakasogea. Mmoja akauliza mzee huyu amepoteza nini.

"Harufu," Safari akamjibu. "Ameisikia ujanani, anaitafuta."

Sadalla alicheka nao, bila kuruka hata kiatu kimoja. Aliupata katika jozi ya hamsini na tatu, kwenye ncha ya kiatu cheusi cha kike chenye kisigino kirefu. Mafuta ya karanga aliyatarajia. Dawa ya viatu hakuitarajia. Ilikuwa imefunika mstari mmoja mahali pamoja, tarakimu mbili tu, nyeusi tii.

Jumamosi saa nne Harsh aliingia na baba yake mkono mmoja na boksi tupu mkono wa pili. Sadalla alimwamkia mzee, akaunganisha transfoma, akaanza kubonyeza. Alipofika kwenye weusi alisimama. Angeweza kubahatisha, lakini hakuwa na tabia hiyo. Alisema ukweli wote, magazeti, karanga na kiatu, huku Harsh akifungua boksi polepole.

Mzee Kishor aliomba kiti.

"Fundi, nisomee mstari ule toka mwanzo. Usisimame."

Akafumba macho. Sadalla alisoma, na vidole vya mzee vikatembea juu ya vibonyezo, vikafika kwenye weusi, Sadalla akanyamaza, vidole vikapita. Mzee aliulizwa ameweka namba gani pale. Akasema hajui, waviulize vidole. Kiwandani umeme ulikatika mara mbili kwa siku, na kila uliporudi yeye ndiye aliyeingiza upya.

Walipomaliza kurasa zilizobaki mzee alibonyeza kibonyezo cha mwisho. Tarakimu zilipepesa, zikakimbia, zikasimama: nne.

Harsh aliuliza nne ya nini. Baba yake akaeleza kwamba mashine inarusha dadu, moja hadi sita, na wenzake wa zamu waliitumia kuchagua nani akalete chai.

Harsh aliliweka boksi chini.

"Miaka yote ile nilidhani inaendesha kiwanda."

"Kiwanda kiliendeshwa na chai," mzee akasema.

Wakagawana namba: Harsh moja na mbili, Sadalla tatu na nne, mzee tano na sita. Mashine ikatoa mbili. Harsh akadai irudiwe. Ikatoa moja. Alichukua chupa ya chai akatoka, akinung'unika kwamba kitu kile kina upendeleo.

Hajavuka barabara, umeme wa Kariakoo ukakatika. Tarakimu zikazimika, na bodi ikasahau kila kitu, pamoja na kumwonea Harsh. Sadalla aliliangalia boksi. Mzee alijisogezea kikapu cha karanga.

Harsh alirudi, akaziona tarakimu zilizozimika, akaelewa. Alimimina vikombe vitatu. Kisha alilipindua boksi lake, akaligonga kuona kama litamhimili, akalikalia mbele ya bodi.

"Umeme ukirudi naingiza mwenyewe," alisema. "Wewe fundi utanisomea. Na safari hii mimi nachukua tano na sita."