Hatua Arobaini na Moja

Jumanne asubuhi, baada ya chai, mpima ardhi mstaafu alifuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, akatandaza fomu mbili za viza, akaikandamiza moja kwa kopo la chumvi na nyingine kwa kopo la sukari. Mkewe, mkunga, alivaa miwani akakaa upande wa pili. Walikuwa wameoana miaka thelathini na saba. Majirani waliwaita Baba Pacha na Mama Pacha kwa ajili ya mapacha wao, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye nyumba zao na maumivu yao ya mgongo.

Safari yenyewe haikuwa ya anasa. Daktari wa kifua alikuwa amesema mapafu ya mpima yamechoshwa na hewa nzito ya bondeni. Alimtajia mji mmoja wa nyanda za juu, katika nchi ya tatu kutoka hapo, wenye hewa kavu, ambako wastaafu huenda kupumua. Si lazima wafanye jambo jingine, alisema. Kupumua tu.

Fomu ya kwanza ilikuwa ya mstaafu pamoja na mtegemezi: mmoja huomba, mwenzake huandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Katika ile ya pili kila mtu aliomba kwa jina lake na kwa pensheni yake. Mkunga aliipenda ya pili. Alisema hajawahi kuandikwa chini ya mtu, na umri wake si wa kuanza mazoea mapya. Mpima akasema basi iwe hiyo.

Fomu hiyo ilidai uthibitisho wa miaka thelathini ya utumishi. Mkunga alikuwa na thelathini na minne. Alikwenda hospitalini, kwenye chumba cha kumbukumbu kilichonuka karatasi na dawa ya mende. Karani, kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio, alimpa kiti, akalitoa faili, akalisoma mwanzo hadi mwisho, kisha mwisho hadi mwanzo. Miaka kumi na tisa ya kwanza mkunga alikuwa ameandikwa kibarua wa muda, na vibarua hawahesabiwi.

"Miaka hiyo yote nilikuwa wapi, mwanangu?"

"Ulikuwa leba, mama," karani alisema. "Mimi mwenyewe ulinipokea wewe. Lakini faili halijui."

Akamsindikiza mpaka langoni, akiwa amembebea mkoba.

Ikabaki fomu ya kwanza. Ofisi ya viza ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa mnyororo na feni iliyozunguka polepole kama inayokumbuka jambo. Mwanamke wa dirishani aliwasomea masharti kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vyombo vya jikoni. Mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi yoyote. Mwenye viza akifariki, mtegemezi ataondoka ndani ya siku thelathini.

"Ataondoka aende wapi?" mkunga aliuliza.

Mwanamke aligeuza karatasi akatazama nyuma. "Haisemi. Inasema ataondoka tu."

Akagonga muhuri. Wino ulipokuwa ukikauka, mpima alisogea dirisha la pili kuchukua risiti, na ndara za mkunga zikaachana na sakafu. Si sana, kama kiganja. Mwanamke wa dirishani alisema ni kawaida kwa wategemezi, haina maumivu, ila waangalie milango mifupi. Kisha akamwita anayefuata.

Nyumbani mpima alitoa kamba yake ya kupimia. Alipokaa karibu na mkewe, mkewe alisimama chini kama watu wengine. Alipotoka na kwenda zake uani, mkewe alipanda. Mpima alipima mara tatu, kama alivyofundishwa ujanani, na mara zote jibu likawa moja: kila hatua ya umbali ilimwinua shibiri moja. Hatua kumi na mbili zilimfikisha darini. Huko juu mkunga alilikuta vumbi la miaka mingi juu ya kabati, akaomba apewe kitambaa.

Mpima alimtazama akifuta, na moyo wake haukutulia. Alisema wanaweza kuzichana hizo karatasi. Wakae wanapokaa, kwao ni kwao.

Mkunga alimwomba asogee, na mume alivyokaribia yeye akashuka taratibu mpaka kwenye zulia. Akachukua kile kipembe cha mbao ambacho kwacho alikuwa amesikiliza mioyo ya watoto matumboni mwa mama zao, akakiweka kifuani mwa mumewe, akainamisha sikio. Mlikuwa na filimbi mle ndani, na nyuma ya filimbi mlikuwa na maji.

"Mimi nimepungukiwa uzito, Baba Pacha," alisema. "Wewe unapungukiwa pumzi. Tuanze na kipi?"

Wakafunga mizigo.

Mji ule wa nyanda za juu ulikuwa na mwanga mwembamba, ambao ulifanya kila kitu kionekane kama kimefuliwa jana. Walipata vyumba viwili vya chini katika jengo la ghorofa tano, linalotazamana na uwanja wa mawe. Baada ya wiki mbili filimbi ya kifuani ilinyamaza. Baada ya mwezi mpima alipanda ngazi ya maktaba bila kusimama katikati, akakaa huko juu akicheka peke yake.

Wategemezi wengine walikuwa wengi. Alasiri wenye viza walikusanyika upande mmoja wa uwanja kucheza drafti, na upande wa pili wenzi wao walielea juu ya mabenchi, kila mmoja kwa kimo cha umbali wake, wakishikilia nguzo za taa upepo ulipopita. Mzee mmoja mwenye upara, aliyejenga madaraja miaka thelathini na sasa alikuwa mtegemezi wa mkewe jaji, alimfundisha mkunga kujifunga kilemba vizuri kwa ajili ya baridi ya juu. Waliongea habari za wajukuu na za matangi ya maji yaliyoachwa bila vifuniko. Kulikuwa na usingizi fulani mtamu katika kuelea huko, na wengine walisinzia kabisa, wakishuka na kupanda kadiri wenzao walivyokwenda kununua karanga.

Mwezi wa tano, mafundi walibomoa ngazi ya jengo kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ili waijenge upya. Walisema ni kazi ya siku moja. Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu alishikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya wakati. Mumewe alikuwa kazini mji wa pili. Watu wa gari la wagonjwa walifika upesi, wakasimama mbele ya ngazi isiyokuwepo, wakaanza kujadiliana kuhusu kupata ngazi ya mbao.

Mkunga alisikia kilio, akajua kutokana na urefu wake kwamba ngazi ya mbao itachelewa. Alinawa mikono hadi viwikoni. Kisha akamwambia mumewe, "Nipeleke ghorofa ya tatu."

Mpima alitazama juu, akafumba jicho moja, akapiga hesabu. Akaanza kurudi nyuma uwanjani, akihesabu hatua kwa midomo, na mkewe akapanda ukutani taratibu, akapita nguo zilizoanikwa, akapita paka dirishani. Hatua ya arobaini na moja ilimfikisha mpima mbele ya duka la mikate. Alimwona mkewe akiingia kupitia roshani na kusimama sakafuni sawasawa, kama aliyezaliwa ghorofa ya tatu.

Hapo ndipo kazi yake ilipoanza, nayo ilikuwa kusimama. Alisimama saa mbili na nusu. Wateja wa mikate walimzunguka. Jua lilihama kutoka sikio lake la kushoto hadi la kulia. Mtu mwenye gunia la unga alimpiga kikumbo, mpima akarudi nyuma hatua moja, na kule juu mkunga akainuka shibiri moja kutoka sakafuni, lakini mzazi alikuwa amemkamata mkono kwa nguvu zote za uchungu, akamshusha. Mpima akarudi mahali pake. Hakukohoa hata mara moja.

Saa kumi na nusu mtoto alilia. Watu wa gari la wagonjwa, waliokuwa wamepata ngazi fupi mno, walipiga makofi.

Wiki iliyofuata wote walikwenda kumwandikisha mtoto: fundi cherehani, mkunga, na mpima aliyemshika mkewe kiwiko. Msajili, kijana mpole mwenye sweta, aliuliza nani alimpokea mtoto. Fundi cherehani akaonyesha kwa kidevu. Msajili akaomba viza, akaisoma, akaiweka chini kwa uangalifu.

Alieleza bila ukali. Kupokea mtoto ni kazi. Mtegemezi hana kazi. Akiandika jina la mama aliyempokea, itabidi pia aandike barua nyingine, na barua hiyo itawarudisha wote wawili bondeni. Mpima alivuta pumzi, ndefu na safi, na kila mtu aliisikia.

"Andika unavyoandika siku zote," mkunga alisema.

Msajili aliandika: *Alizaliwa bila msaada wa mtu.* Akakausha wino.

Mkunga aliusoma mstari huo mara mbili. "Uzito hujauweka," alisema. "Kilo tatu na robo. Hilo liandike."

Akaliandika.

Walipofika uwanjani mpima alitaka kukaa juani. Mkunga akaenda mbele peke yake, na kadiri alivyokwenda alipanda, mkoba mkononi, akapita ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya pili, mwanamke aliyekuwa akimwagilia maua alimwita kwa sauti ya chini. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na alikuwa amesikia watu wakimtaja mkunga. Alifungua vifungo viwili vya gauni. Mkunga alisugua viganja vyake vipate joto, akanyoosha mkono juu ya ukingo wa roshani, lakini haukufika; alikuwa chini kwa nusu shibiri.

Chini, kwenye benchi, mpima aliinuka, akarudi nyuma nusu hatua, akasimama.