Mumewe Hajui Mchezo Huu

Mansuri fundi redio alikuwa na maoni juu ya kila mchezo uliopata kufika Kyela, na maoni hayo hakuwa mchoyo nayo. Ungempelekea redio iliyokauka sauti, ungerudi nayo inasema, na juu yake ungepewa bure hotuba ya drafti. Drafti, kwa maneno yake, ni mchezo wa watu wenye hasira wasiotaka kupigana. Karata ni za waongo. Ludo ni bahati nasibu iliyopakwa rangi. Bao la pwani, alilorithi kwa babu yake wa Kilwa, alilitundika ukutani na kuliheshimu, lakini tangu babu afe hakupata mtu wa kucheza naye akatoka jasho.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilipita mpaka wa Kasumulu. Mkewe Habiba, mama wa binti yao Sabrina, aliuza vitenge, na kila Alhamisi alikwenda mpakani kununua mzigo. Siku moja akamletea mumewe gemu la televisheni. Mansuri akaliunga kwenye televisheni ndogo na betri ya gari, na madereva waliosubiri mizigo wakajaa kwenye benchi lake, wakirusha ndege na kulipua vifaru. Mwenyewe alilicheza wiki nzima mpaka dole gumba likaota sugu, kisha akatoa hukumu.

"Hili linakupa maisha matatu," alisema. "Ukifa unaamka. Ukifa tena unaamka. Mchezo usiotisha si mchezo, ni kupoteza betri."

Madereva wakacheka, wakaendelea kufa na kuamka.

Maoni yake aliyaandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Kila mchezo ulikuwa na ukurasa wake: kanuni zake, nani anaujua, alicheza lini, na alama mpaka kumi. Gemu la televisheni lilipata nne. Bao lilipata tisa. Kumi haikuwahi kutoka.

Ikatoka kwa Tusekile. Huyu, Mama Kisa kwa watu, alikuwa mke wa Aliko, mkulima wa Ikolo, na kila Alhamisi alipokuja sokoni aliacha kwa fundi mchele wa Habiba. Siku hiyo aliliangalia gemu kidogo, akachoka, akainua macho kwenye bao lililotundikwa.

"Fundi, kumbe ninyi mnacheza bila kuchimba?"

"Tuchimbe nini, Mama Kisa?"

"Bibi yangu alichimba chini. Na kanuni zake si hizo zenu."

Kwa Mansuri maneno hayo yalitosha. Aliacha redio tumbo wazi, wakaenda uani. Tusekile akachimba kwa kijiti safu mbili za mashimo, na katikati ya kila safu shimo moja kubwa, ndiyo nyumba. Kete zilikuwa mbegu nyeusi za mgomba-pori, alizozitoa kwenye fundo la khanga kama mtu aliyekuwa akizibeba miaka yote akingoja kuulizwa.

"Kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yangu, umelala," alimweleza. "Mimi nakuamkia: Ugonile! Nikishindwa kukufukuza, unabaki. Ukilala mara tatu, unaila nyumba, na mimi sina changu."

Mansuri alicheka. Ugonile ndiyo salamu ya asubuhi ya Wanyakyusa, naye alikuwa akiiitikia kila siku tangu ahamie Kyela bila kuwaza kwamba maana yake ni umelala. Alifungwa mara ya kwanza, akafungwa ya pili, akatoka jasho. Furaha aliyoisikia ilimshangaza mwenyewe.

"Nani mwingine anaujua?" aliuliza.

"Bibi alinifundisha mimi tu. Hata Baba Kisa haujui."

Wakacheza Alhamisi nne. Mansuri, kwa mazoea yake, akaandika kila kitu, na kwa Kiswahili chake cha nyumbani, kile cha wacheza bao. Ukurasa wa mwisho ulisomeka hivi:

"Alhamisi. Tusekile. Nimelala nyumbani kwake mara mbili, akanifukuza.

Alhamisi. Nimelala nyumbani kwa Tusekile mara tatu. Leo nimeila. Utamu wake hauna mfano. Mumewe hajui mchezo huu. Kumi."

Kisha mvua za Kyela zikashuka, zile zisizojua kukoma. Uani kukawa bwawa, na mashimo yote yakafukiwa.

Jumamosi Aliko alileta redio yake. Mansuri akaomba aende msikitini mara moja, akamwachia benchi na daftari. Aliko alikuwa bingwa wa drafti kule Ikolo, na alitaka tu kuona fundi ameipa drafti alama ngapi. Mansuri aliporudi aliikuta redio mezani. Mtu hakuwepo wala daftari.

Habari zilimfikia kabla jua halijazama. Aliko amesoma. Amemuuliza mkewe kama amekuwa akienda kwa fundi kila Alhamisi, naye kwa kuwa hakuwa na la kuficha akajibu ndiyo. Sasa Tusekile amefungiwa mlango wa nyumba yake, amekaa jikoni kwa wakwe, na ndugu zake wameitwa kesho waje kumchukua. Akichukuliwa, mtoto wao Kisa, wa miaka mitatu, anabaki Ikolo. Na fundi anaitwa ajieleze.

Mwanamke yule hakuwa amefanya kosa lolote ila kumfundisha mchezo.

Habiba alimsikiliza mpaka mwisho, akikunja vitenge.

"Kweli si kweli?"

"Wallahi, Habiba, ni mchezo tu."

"Kila mwanamume husema ni mchezo tu. Kesho twende wote. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Jumapili baada ya kanisa walikaa uwanjani kwa Mzee Andongwisye, baba yake Aliko. Ndugu wawili wa Tusekile walikuwa wamefika na baiskeli ya kubebea sanduku lake. Mzee alikuwa mtu wa kanisa, lakini mila nyingine hazikumtoka: mke wa mwanawe hakupata kusimama mbele yake hata siku moja, wala macho yao hayakupata kukutana. Kwa hiyo Tusekile, ambaye shauri lilikuwa lake, alikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa mianzi. Alisikia yote. Kutoka hakuweza.

Aliko alisoma ukurasa ule kwa sauti. Alipofika "mumewe hajui", alishindwa kuendelea, akampa daftari baba yake ambaye hakuwa na miwani.

Mansuri akasimama kujitetea, na kila alichosema kikawa kuni kwenye moto. Alieleza kwamba kulala si kulala. Alieleza kwamba kula si kula. Aliposema nyumba yenyewe ni shimo tu, shemeji mmoja wa Aliko aliguna na wanawake waliokaa pembeni wakatazama chini. Akaomba asome kurasa nyingine ili waone ni daftari la michezo. Akasoma drafti, akasoma karata, akasoma ludo. Alipofika ukurasa wa gemu la televisheni alisoma mistari miwili, akaona wa tatu, akafunga daftari.

"Mashimo yako wapi?" aliuliza shemeji yule.

"Yameliwa na mvua."

"Basi Tusekile aje aonyeshe huo mchezo."

Hapo watu wote walimtazama Mzee Andongwisye, na mzee akatazama fimbo yake. Aje vipi, na baba mkwe yupo? Kuvunja mwiko ili kuthibitisha heshima, ni kuzima moto kwa mafuta ya taa.

"Asije," Mansuri alisema. "Nitachimba hapa. Yeye acheze kule kule aliko. Baba Kisa atuchukulie maneno. Kama tumeubuni, hatutafika hata kete ya tatu, maana tangu jana sijaonana naye."

Wakanong'onezana. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Mansuri akapiga magoti kwenye udongo mbichi na suruali yake ya Ijumaa, akachimba safu mbili na nyumba mbili. Zile mbegu nyeusi zilipitishwa chini ya mlango wa jikoni, kwenye kipande cha khanga. Ndipo Aliko akaanza kutembea. Anakwenda ukutani, anainama, anasikiliza, anarudi. "Anasema la nne kutoka kushoto." Anaokota, anagawa kwa mkono mzito. Anasubiri Mansuri acheze, anahesabu kete zilivyokaa, anarudi ukutani kumweleza mkewe. Kete ya tatu ikapita, ya kumi ikapita. Watu walisogea. Tusekile alicheza bila kuona, ubao wote akiwa nao kichwani, na alicheza vizuri kuliko Alhamisi zote nne. Aliko naye, bingwa wa drafti, alianza kuelewa alichokuwa akikibeba. Kila alivyoelewa ndivyo alivyozidi kuinamisha kichwa.

Mansuri akazungusha kete, moja, moja, moja. Ya mwisho ikadondoka ndani ya nyumba ya Tusekile.

Aliko alisimama hajui la kusema, maana hakuna aliyemwambia kinachosemwa hapo. Naye Tusekile, nyuma ya ukuta wa mianzi, hakuwa ameona.

"Ugonile!"

Sauti ilikuwa ya mzee. Ilimtoka kabla hajaizuia, nyembamba, na kicheko ndani yake. Alishika mdomo. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mama alikuwa akiniamkia hivyo," alisema polepole. "Kila nikilala nyumbani kwake. Nilikuwa mdogo kama Kisa nilipoanza kumtazama akicheza. Nilidhani umekwisha duniani." Kisha akamgeukia mwanawe. "Aliko. Nenda pale ukutani ukamwombe mkeo radhi. Kwa sauti. Nataka nisikie, na kaka zake wasikie."

Aliko alikwenda. Aliomba, na sauti ilimkatika mara mbili. Shemeji mwenye baiskeli akakohoa. Halafu wakamwona Aliko anainama, anasikiliza, anarudi.

"Anasema, asante, Tata," alimwambia baba yake. "Anasema amesikia, na atarudi nyumbani kwa ajili ya mtoto." Akamgeukia Mansuri bila kumtazama usoni. "Kwako anasema umelala mara moja, zimebaki mbili, na hazitachezwa. Mchele ataupeleka kwingine."

Watu walipumua. Shauri limekwisha, mwanamke ameokoka, na Mansuri alipaswa kufurahi. Badala yake kitu kilimchoma kifuani, akaogopa kwamba kinaonekana. Aliinama akajifanya anafukia mashimo.

Mzee alilishikilia daftari, akatafuta wa kumpa, akampa Habiba.

Walirudi kwa miguu kati ya majaruba ya mpunga, Habiba mbele. Alikuwa akisoma huku anatembea, akifunua kurasa taratibu. Drafti, karata, ludo. Kisha hatua zake zikapungua, zikasimama.

"Mbele za watu ni Mama Kisa," alisema. "Humu ndani ni Tusekile."

"Ni kuandika tu kwa haraka."

"Sawa. Na hapa kwenye gemu la ndege, ulipokatiza kusoma. Jumatatu, umeandika. Linachosha, umeandika. Halafu umeandika: Alhamisi ni mbali."

Upepo ulipita juu ya mpunga.

"Kulala nimeelezwa," Habiba aliendelea kwa sauti ya chini. "Nyumba nimeelezwa, na kula nimeelezwa, mbele ya ukoo mzima. Hili nalo nieleze, Baba Sabrina. Ni kanuni ya mchezo gani?"

Alingoja. Mansuri, aliyekuwa na maoni juu ya kila mchezo uliopata kufika Kyela, alisimama njiani na tope magotini, akitazama mpunga.