Gari Lililokataa Mlima

Kaswera alizikwa Lubero, katika kiwanja cha misheni, na watu ambao wengi wao hawakumjua. Vita vilikuwa vimefunga njia ya kurudi Kayna, na huko nyuma nyumba yake ilikuwa imeungua, kwa hiyo mumewe Manassé hakuwa na mahali pengine pa kumlaza. Padri alisoma sala kwa haraka. Udongo ulikuwa umelowa, ukishika majembe. Kavuo, dada mkubwa wa Manassé, alisimama upande wa kichwa, bado amevaa kitenge kilichokaukiwa na damu ya wifi yake. Ng'ambo ya kaburi, kando kidogo ya watu, alisimama Amisi, dereva aliyewaleta.

Baada ya sala Manassé alimwendea Amisi. Alimwuliza sababu bila kupaza sauti.

"Juu ya nini ulisimamisha motokari?"

"Mi sikuisimamisha, ndugu yangu. Ilikufa yenyewe."

"Motokari mupya?"

"Iko mupya, lakini iko mugonjwa. Mama Kavuo anajua."

Manassé hakumgeukia dada yake. "Ulitaka basoda na bunduki zao bashuke," alisema. "Ulihurumia motokari yako. Na bibi yangu akaisha damu pale, wewe ukifungua-fungua capot ya mashine."

Kavuo alitaka kusema neno, lakini mdogo wake alikuwa amekwisha kugeuka, anashuka kuelekea barabarani, na watu wakampisha.

Gari lenyewe lilikuwa la Kavuo na Amisi kwa pamoja. Kavuo alikuwa mwanamke wa Kimemi, mjini Butembo, mfanyabiashara wa maharagwe ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekodi magari ya wengine mpaka akachoka kuona magunia yake yakioza njiani. Amisi alikuwa mtu wa Beni, wa ukoo wa Waislamu waliojulikana kwa usafiri tangu siku za babu zao. Waliunganisha nguvu, wakavuka mpaka pale Kasindi, wakaenda Kampala na kurudi na pikapu ya dizeli ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiendesha kabla yao. Butembo ilizoea magari yaliyokwisha kuchoka kwa watu wengine. Hilo lilikuwa bado na nailoni juu ya viti.

Muuzaji aliwaeleza garanti. Kwa mwaka mzima, kitu chochote kitakachoharibika chenyewe, kiwanda kitakitengeneza bure. Ila kitatengenezwa katika garaji yao tu, Kampala. Fundi mwingine akigusa mashine, garanti imekufa.

Ugonjwa ulijionyesha mapema. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, lakini likipewa mlima mkali na mzigo, lilianza kukohoa kama mtu aliyepaliwa, kisha kimya. Likipumzika, liliwaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Kavuo na Amisi walikwenda kwa mwenye foni, yule mfanyabiashara aliyekuwa na redio ya kuongea na Kampala, wakaeleza. Jibu lilikuwa fupi: lileteni. Lakini majira yale barabara ya Kasindi ilikuwa imekufa. Watu walikuwa wakipigwa risasi ndani ya pori la hifadhi, na magari mapya yalikuwa yakichukuliwa na wenye bunduki kwenye bariyeri za barabarani, wakubwa wao wakisema ni ya kuazima. Basi walingoja njia ifunguke. Mafundi wa Butembo walitaka kuligusa, na kila mara Amisi aliwakatalia, kwa sababu ya garanti. Wakawa wanapakia nusu ya mzigo.

Ndivyo walivyofika Kayna siku ile, kununua maharagwe kwa Manassé. Asubuhi milio ilianza upande wa kusini. Wale waliokuwa wakiilinda Kayna walianza kurudi nyuma, na mji mzima ukajimwaga barabarani. Kavuo alitupa gunia chini, akapakia watu. Kaswera alikaa mbele, karibu na mlango, Kavuo katikati. Manassé alikuwa nyuma, amemkumbatia binti yake. Walipokuwa wakianza kupanda, askari waliokuwa wakikimbia waliruka ndani na bunduki zao. Hapo ndipo waliowafukuza askari walipolipiga gari risasi kutoka nyuma, likikata kona. Risasi mojawapo ilipita kwenye mlango na kuingia pajani mwa Kaswera.

Kavuo alifunga kidonda kwa kitenge, akakaza kwa goti. "Endesha," alimwambia Amisi, na Amisi akaendesha. Katikati ya mlima gari likakohoa. Amisi alisema kwa sauti ndogo, "Hapana leo, tafadhali," kama vile anaongea na mtoto. Likazimika. Askari walishuka, wakatukana kwa Kilingala, wakaendelea kwa miguu. Watu walisukuma. Amisi alifungua capot, akapuliza, akagonga, akinong'ona peke yake. Na lilipowaka tena, Kaswera alikuwa ameacha kumjibu Kavuo.

*

Maneno yalisafiri upesi kuliko gari. Mvua zilipopungua, hata Beni kulikuwa na watu waliosema kwamba Amisi alimwacha mwanamke afe ili kuokoa chuma chake. Mahali pa kupakilia, abiria walimwuliza jina, kisha wakakumbuka kwamba walikuwa wamesahau kitu nyumbani. Mke wake Mapenzi alimwomba aache usafiri, arudi kuuza nguo na kaka zake. Yeye hakujitetea. Alizidi kukonda tu.

Manassé alikuwa amepanga chumba Vulamba, upande mwingine wa Butembo, akiishi na binti yake. Alikuwa akija kwa Kavuo kila Jumapili baada ya misa, lakini akiona pikapu uani, alirudi bila kubisha hodi.

Siku iliposikika kwamba njia ya Kasindi inapitika, Kavuo alimwambia Amisi, "Twende Kampala."

"Garanti inakaribia kuisha, ni kweli."

"Hapana ile tu. Nataka wale batu bafungue hii motokari, banionyeshe kitu kilimuua Kaswera."

Walilala Beni. Jirani wa Amisi, fundi rangi aitwaye Sikuli, alizunguka gari akigusa matundu kwa kidole. Aliwashauri ayazibe na kupaka rangi kabla hawajavuka. "Bakiona risasi, batasema iko motokari ya vita. Garanti inakufa palepale."

Amisi alimtazama Kavuo. Lilikuwa shauri jema, na wote wawili walijua.

"Tutaenda nayo hivi," alisema Kavuo. "Siwezi kuficha ule mulango."

Sikuli hakubishana. Njiani, ndani ya hifadhi, walipita nyuma ya magari ya askari, vioo vimefungwa, bila kuongea. Kasindi walisubiri kutwa nzima juani. Walipokwisha kuvuka daraja la mpakani, barabara ikawa laini, na watoto wa shule wakawa wanatembea pembeni katika sare zao kana kwamba dunia haina habari ya vita. Kavuo aligeuza uso dirishani, akalia hadi karibu na Kasese. Amisi alimwacha alie.

Meneja wa garaji alikuwa mtu mnene, mpole, aliyejifunza Kiswahili Nairobi. Alilizunguka gari kama alivyolizunguka Sikuli, akasimama kwenye mlango.

"Mama, hizi ni risasi."

"Ndiyo."

"Gari lilibeba wanajeshi?"

Amisi alitazama chini. Kavuo angeweza kusema hapana, na hakuna mtu Kampala ambaye angembishia.

"Lilibeba," alisema. "Tulikuwa tunakimbia vita. Bale basoda baliruka ndani, sisi hatukubaita. Bale balibafukuza bakatupiga risasi. Wifi yangu alikuwa amekaa hapa. Mulima wa kwanza, motokari ikakufa, na yeye akakufia ndani. Ugonjwa wa hii motokari tulibaambia mbele ya ile siku kufika, ku foni. Mulisema tuilete."

Meneja alikuna shingo. "Pole sana, mama. Lakini gari likiingia vitani, kiwanda hakilipi kitu. Mimi nimeajiriwa tu."

"Sawa. Acha kutengeneza. Fungua tu, uangalie. Kama iko risasi, uniambie iko risasi. Kama iko huyu shofere, uniambie iko shofere."

Meneja alimtazama kwa muda, kisha Amisi, aliyesimama na mikono yake nyuma kama mtu anayengoja hukumu. Akaita fundi.

Mafundi walianzia kwenye mashine, hawakuona kitu ila pampu ya mafuta iliyochakaa kabla ya wakati wake, kwa kunyonya hewa. Wakafuata bomba mpaka nyuma, wakalishusha tangi. Fundi aliinamisha tangi, akatia mkono ndani, akatoa kitu akakiweka juu ya kitambaa. Kilikuwa kizibo cha plastiki, chekundu, kidogo kuliko kisoda cha chupa.

Kavuo ndiye aliyeuliza ni nini.

Meneja alikaa juu ya gurudumu la akiba. Alieleza polepole. Kiwandani, mabomba huzibwa kwa vizibo kama hivyo, vumbi lisiingie, na vyote huondolewa kabla gari halijauzwa. Hicho kilikuwa kimesahauliwa, kikaanguka tangini. Gari likiwa kwenye tambarare kilikaa kando. Likipanda, mafuta yalikisukuma nyuma mpaka mdomoni mwa bomba, kikaziba. Gari likisimama na kupumzika, kikadondoka.

"Risasi haikuweka hiki ndani," alisema mwishowe. "Wala dereva."

Amisi alichuchumaa pale sakafuni, akaficha uso katika mikono yake. Kavuo alikichukua kile kizibo, akakiviringisha kati ya vidole. Hakikuwa na uzito wowote. Alikuwa amejiandaa kwa chuma kilichovunjika, kwa kitu kikubwa. Alihisi hasira ikimjia, akatafuta mtu wa kuielekezea, akamkuta meneja tu, jasho likimtoka, na fundi aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Tutatengeneza," alisema meneja. "Pampu mpya, kila kitu. Kwa garanti. Nitawajibu mimi wakiuliza habari ya mlango." Akanyoosha mkono. "Lakini hicho kizibo nakihitaji, mama. Pampu ya zamani na hicho lazima vipelekwe kiwandani, ndipo waamini."

Kavuo alikifumbata. "Mudogo wangu pia anapaswa kuamini."

"Bila hicho, mama, siwezi kutoa pampu."

Alikaa nacho mkononi, na garaji yote ikangoja. Alimfikiria Manassé akirudi mlangoni bila kubisha hodi. Alifikiria vilevile barabara ya kurudi, pori la hifadhi, milima, na watu watakaopanda gari hilo kesho.

Amisi ndiye aliyenyanyuka. "Mupe, Mama Kavuo."

"Manassé ataniamini aje na mukono mutupu?"

"Wewe umeona. Mi inanitosha." Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini sitaki tena mutu akufe ndani ya hii motokari."

Kavuo alimpa meneja.

*

Waliingia Butembo mchana, wakaenda moja kwa moja Vulamba. Kavuo alimwomba Amisi asibaki garini, aje naye mpaka mlangoni. Manassé alikuwa ameketi nje akipukuchua mahindi. Alipowaona wote wawili aliinuka, lakini Kavuo alisema, "Ikala, mudogo wangu. Unisikilize mpaka mwisho, kisha utuingize ao utufukuze."

Akamsimulia yote. Hakuongeza wala kupunguza. Alimwambia habari ya mabomba na vizibo, tangi lilivyoinamishwa, kile kitu chekundu juu ya kitambaa. Alimwambia pia kwamba wao wenyewe walijua gari ni gonjwa na bado wakalipeleka Kayna, kwa sababu njia ilifungwa na maharagwe yalikuwa yamekomaa, na kwamba hilo angelibeba yeye na si Amisi peke yake.

Manassé aliendelea kushika gunzi lililobaki na punje nusu. "Kiko wapi?"

"Kampala. Balikataa kukiacha."

"Basi hauna kitu."

"Sina kitu."

"Ulikiona na macho yako, dada yangu?"

"Nilikishika na mukono yangu. Kiko kidogo hivi." Alimwonyesha ncha ya kidole gumba.

Manassé aliutazama mkono wa dada yake. Binti yake alitoka ndani, akasimama mlangoni, baba yake akamwashiria arudi. Mwishowe alimgeukia Amisi.

"Ile siku, pale ku mulima," alisema, "ulikuwa unasema kitu, ukiinama ndani ya capot. Nilikusikia. Nilizania unatukana."

"Nilikuwa naomba Mungu."

Manassé aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayepanga upya vitu vilivyowekwa vibaya. Hakuomba radhi, na Amisi hakuonekana kuingoja. Manassé alisogeza beseni la mahindi kwa mguu, akavuta kiti kilichokuwa ukutani na kukiweka karibu na chake.

"Kaburi yake haina hata saruji," alisema. "Mvua inaichimba. Motokari inaweza kufika Lubero sasa?"

"Inafika," alisema Amisi.

"Na mizigo?"

"Na mizigo."

"Wiki hii?"

"Ijumaa niko na sala. Tunaweza kwenda kesho yake, asubuhi."

"Sawa," alisema Manassé. "Ikala basi. Maji ya chai iko ku moto."

Amisi alivua viatu vyake vyenye vumbi la njia, akaviweka kando ya mlango, akakaa.