Wifi wa Wadi ya Tatu

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa, kati ya jiko na nyumba ya boila, na aliyekitawala ni mama mmoja mfupi, mpana wa mabega, ambaye tangu mganga mkuu hadi mfagiaji walimwita Mama Pasi. Miaka ishirini na sita alikuwa humo. Shuka lililopita mikononi mwake halikubaki na kunyanzi hata moja. Fundi wa boila, mtani wake wa siku zote, alisema kwamba mgonjwa akilazwa juu ya shuka la Mama Pasi huona haya kuugua, akafanya haraka kupona arudi kwenye mashuka yake yaliyokunjamana nyumbani.

Mama Pasi alikuwa mtu wa kanisa, na si wa Jumapili tu. Kila shuka alilikunja mara nne, na kwenye mkunjo wa mwisho alilipiga kofi jepesi akasema kwa sauti ya chini, "Huyu naye, Bwana." Basi, hapo amemaliza. Nani angelilalia, hakujua. "Mungu anajua namba ya kitanda," alisema alipoulizwa.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, fundi wa boila alikuja akijifuta masizi, akasimama mlangoni bila kutania. Hilo tu lilitosha kumshtua Mama Pasi.

"Kuna jambo," alisema fundi. "Sijui nikwambie au nimeze."

"Ukimeza litakuvimbisha tumbo. Sema."

"Wifi yako amelazwa. Wadi ya tatu, kitanda cha dirishani. Ini limekwisha, madaktari hawana la kufanya. Na hataki dawa ya maumivu. Wauguzi wamembembeleza mpaka mmoja akatoka analia. Anasema hastahili."

Mama Pasi akaendelea na shuka alilokuwa nalo, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akalipiga kofi. Yale maneno hayakutoka. Alichokisikia ni kitu kitamu kikimshuka kooni taratibu, kama mtu aliyemeza asali, na ilimchukua muda kukitambua. Ilikuwa ni furaha.

Asili ya jambo ilikuwa hivi. Mama Pasi alikuwa na mdogo wake wa kiume, mmoja tu, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Mdogo huyo alikuwa na kisukari. Alijichoma sindano zake asubuhi na jioni, akaenda kazini, akaoa, akapata binti, akaishi vizuri tu. Kisha mkewe akaanza kwenda kwenye mikutano ya mhubiri mmoja aliyepiga hema uwanjani, akifundisha kwamba imani na dawa havilali chumba kimoja. Siku moja mke akazichukua sindano zote akazitupa chooni, akamwambia mumewe wafunge na kuomba. Siku ya nne mume hakuamka. Wakati wanamzika, mhubiri alikuwa ameshakunja hema lake na kwenda uwanja mwingine.

Pale msibani Mama Pasi hakupiga kelele. Alimwendea wifi yake, akamwambia, "Umemuua," kisha akampa mgongo. Miaka tisa mgongo ule haukugeuka. Nyumba ya mdogo wake hakuikanyaga tena. Binti wa marehemu, ambaye sasa alikuwa mwalimu, akikutana na shangazi yake njiani walisalimiana kwa haraka kama watu waliokanyagana vidole. Na kila Jumapili, sala ya pamoja ilipofika kile kipande cha kuomba tusamehewe kama sisi tunavyosamehe, Mama Pasi alishikwa na kikohozi. Wenzake wa benchi moja walidhani ni mvuke wa kazini.

Sasa alilaza shuka juu ya meza akamtazama fundi wa boila.

"Nimefurahi," alisema.

"Umefurahia nini?"

"Nimesikia mtu anateseka, nimefurahi. Mimi, ninayeongoza maombi ya akina mama kila Alhamisi."

Fundi akakuna kichwa. "Ni ubinadamu huo, Mama Pasi. Usijione vibaya."

"Usinibembeleze. Leo hii nikianguka hapa nikafa, nikafika mbele za Mungu na furaha kama hii moyoni, nitaificha wapi? Chini ya kitambaa cha kichwa?"

Mama Pasi akapanga mashuka yote ya asubuhi, akafunga mashine, akajifunga upya kitambaa chake. Saa sita, wenzake walipokwenda kula, yeye akajikaza kisabuni akapanda ngazi kwenda wadi ya tatu.

Karibu ampite. Yule wifi aliyemjua alikuwa mwanamke wa kujaza mlango, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Kitandani kulikuwa na mifupa iliyovikwa ngozi, na macho ya manjano.

"Umekuja kutazama?" aliuliza wifi.

"Nimekuja kukuona."

"Haya, umeona." Akageukia ukutani.

Mama Pasi akavuta kiti, akakaa. Maneno aliyoyaandaa kwenye ngazi yote yalikuwa yamemkimbia. Alikaa mpaka muda wake wa mapumziko ulipokwisha, akasema, "Kesho nitakuja," akaenda zake.

Kesho yake alikuja. Mambo yakawa yale yale: ukuta, mgongo, kimya. Kuna wakati maumivu yalimshika mgonjwa, akauma ncha ya mto ili asilie. Muuguzi alikuja mbio na kikombe kidogo cha dawa, akakirudisha kama alivyokuja nacho. Mama Pasi aliondoka na kichwa kizito. Ile asali ya jana ilikuwa imegeuka shubiri.

Siku ya tatu alimkuta yule binti kando ya kitanda, kikombe cha dawa mkononi, macho yamevimba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Amekataa?"

"Amekataa."

Mama Pasi akakaa. Akapiga moyo konde, akasema, "Wifi, nimekuja kukwambia nimekusamehe. Kunywa dawa."

Wifi akageuka polepole. "Kanisa limekutuma?"

"Sijatumwa na mtu."

"Yeye alikufa bila sindano yake. Mimi ninywe dawa nipate usingizi mtamu? Kwa haki gani?"

Hapo Mama Pasi aliuliza swali alilolibeba miaka tisa bila kujua kwamba amelibeba. "Niambie jambo moja. Labda naye alitaka? Labda mlikubaliana, mkaamini wote wawili?"

Angeweza kudanganya. Mdogo mtu hayupo wa kumbishia. Lakini wifi alimtazama usoni akasema, "Hapana. Siku ya tatu alizitafuta. Alifungua kabati, akainama chini ya kitanda, akaniuliza, mke wangu, sindano zangu ziko wapi? Nikamwambia amini tu. Ni mimi, wifi. Usinitafutie mlango wa nyuma."

Mama Pasi aliinuka. Miguu ilimpeleka nje mpaka kwenye korido, akaegemea ukuta karibu na ndoo ya mfagiaji. Alimwona mdogo wake ameinama chini ya kitanda, anapapasa. Alitaka kushuka ngazi, arudi kwenye mvuke wake, asipande tena maisha yake yote. Nani angemlaumu?

Binti alimfuata. "Shangazi, tafadhali usiende."

"Ulijua haya?"

"Nilijua. Nilikuwepo. Miaka tisa nimeishi naye nikijua."

"Uliwezaje?"

Binti akatafuta maneno, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. "Sikuweza. Nilikuwa namkasirikia kila siku, na kumpikia kila siku. Siku nyingine hasira ilikuwa kubwa kuliko chakula. Lakini nilipika."

Mama Pasi alimtazama huyu mtoto wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimwacha peke yake na mzigo wa watu wazima wawili. Yeye shangazi, mwenye mikono ya kunyoosha mashuka ya mji mzima, hakuwahi kumshikia hata upande mmoja. Akafuta uso kwa upindo wa kanga, akarudi ndani, akakiburuta kiti mpaka goti lake likagusa kitanda.

"Wifi, nilikudanganya," alisema. "Sijakusamehe. Nimeanza tu. Jana nilikusamehe asubuhi, na nilipomaliza chai nikakukasirikia upya. Leo nimekusamehe kwenye ngazi, na sasa hivi hapo nje nimekuchukia kuliko mwanzo. Lakini nimeamua. Nitakuja kila siku mpaka nimalize, na wewe ndiye wa kunisaidia, kwa hiyo acha kufa kwa shida."

Kitu kama kicheko kilimtoka mgonjwa, kikakatwa na maumivu. Yalipopungua alisema kwa sauti ndogo, "Siogopi kufa. Naogopa kumkuta. Atanitazama."

"Hata mimi nitamkuta," alisema Mama Pasi. "Ataniuliza, dada, nilikuachia mke na mtoto, umewafanyia nini? Nitamjibu nini? Kwamba miaka tisa nilizunguka barabara ya nyuma nisiuone mlango wake?"

"Basi wote tuna kesi."

"Wote. Lakini hakimu si yeye, wala si mimi. Na Hakimu mwenyewe hukumu alishaibeba, pale msalabani. Wewe unayekataa dawa unataka uibebe mara ya pili. Umekuwa nani, wifi? Ulipotupa sindano ulidhani unamjua Mungu kuliko waganga. Leo unataka kumjua kuliko Yeye mwenyewe."

Machozi yalimtoka wifi yakaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

"Kule ni milele," Mama Pasi akaendelea, taratibu sasa. "Milele ni ndefu mno kwa watu wasiosalimiana. Tuanze leo. Hujambo, wifi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha hata kutafuna, anasikiliza.

"Sijambo, wifi," alisema mgonjwa. Kisha akafungua mdomo, na binti akammiminia dawa.

Baada ya wiki mbili daktari alisema mgonjwa arudi nyumbani, hospitali haikuwa na zaidi ya kumpa. Mama Pasi akaenda kwa msimamizi wake kuomba likizo. Msimamizi alitafuta jalada lake, akakuta ni miaka saba hajawahi kuomba hata siku moja, akamtazama kama ameona jiwe linatembea.

"Nani atanyoosha mashuka?" aliuliza fundi wa boila alipopata habari.

"Wewe. Mvuke si wako?"

Basi Mama Pasi akaingia nyumba ya mdogo wake na begi moja. Alilala kwenye kochi. Aliandika saa za dawa kwenye kipande cha boksi akakibandika juu ya kitanda, na saa ikigonga hakuchelewa. Alimgeuza wifi ubavu huu na ubavu ule asipate vidonda, akamfuta, akamchana nywele. Waligombana pia. Uji mzito, uji mwepesi, dirisha lifunguliwe, dirisha lifungwe. Siku moja Mama Pasi alikunja shuka la mgonjwa, akasimama nalo kitambo, kisha akalipiga kofi akasema yale maneno yake ya kazini. Wifi alisikia.

"Unasema nini?"

"Nakutaja kwa Mungu."

"Mtaje na mwanangu. Tangu baba yake afe hajaomba. Mimi ndiye niliyemfungia mlango huo."

"Namtaja kila siku."

Jioni hiyo wifi aliomba kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba ule. Hakuomba kupona. Alimwomba Mungu msamaha akimtaja mumewe kwa jina, neno kwa neno, bila kujipunguzia kitu, na Mama Pasi aliyekuwa anasikiliza aligundua kwamba kile alichokuwa anakisamehe kwa vipande vipande kilikuwa kimebaki kidogo. Hakikuwa kimekwisha. Kilikuwa kidogo.

Wifi alifariki Jumapili asubuhi, jua limeshapanda. Alikunywa vijiko vitatu vya uji, akasema umepoa, akasema aachwe apumzike. Mama Pasi alikuwa ameshika kijiko cha nne alipoona kifua hakipandi tena. Alikirudisha kijiko bakulini, akamfumba macho, akamwita binti.

Walilia pamoja, kisha wakachemsha maji. Mama Pasi hakutaka mtu mwingine amguse kwanza. Aliosha, binti akamimina. Walipofika mabegani binti alisimamisha kopo.

"Shangazi, kweli watakutana?"

"Watakutana."

"Baba atamwambia nini?"

Mama Pasi alifikiri. Angeweza kumpa maneno mazuri. Ya Alhamisi alikuwa nayo mengi. "Hilo sijui, mwanangu. Nataka kulijua kama wewe. Ninachojua ni kwamba watakutana mahali ambapo hakuna anayeumwa, wala hakuna anayetafuta kitu chini ya kitanda. Na aliyewaita ni mmoja. Shika huku, tumgeuze."

Binti akashika. Walimkausha, wakamvika gauni lake la kijani. Binti alipomaliza kumfunga vifungo aliinamisha kichwa, midomo ikacheza bila sauti. Mama Pasi alijifanya anatafuta kitana.

Nje palisikika sauti za akina mama, ibada imetoka, habari imewafikia. Walisita mlangoni, wakinong'onezana, kwa sababu mji mzima ulijua kisa cha nyumba ile na hawakujua waingie kwa uso gani. Mama Pasi akanawa mikono, akafungua mlango wazi.

"Karibuni," alisema. "Wifi yangu amelala katika Bwana, na mfiwa wa kwanza ni mimi na huyu mwanangu, kwa hiyo pole zenu leteni hapa. Viti havitoshi. Wawili waende kwa jirani wakaazime."